Watumiaji wa wilchea tupeane uzoefu: ulipinduka vipi, na ulibadilisha nini?

Habari zenu wadau. Mwaka wa saba huu natumia wilchea ya kusukuma kwa mkono, niko Dar. Juzi nimeanguka tena. Natoka sokoni nimening'iniza mfuko nyuma kwenye mishikio, unga kilo 5 na dumu la mafuta, nafika kwenye kibaraza cha duka nikasukuma kwa nguvu nipande, kiti kikanyanyuka mbele nikaenda chali mpaka kisogo kikagonga sakafu. Uzito wote ulikuwa nyuma. Sasa hivi mzigo napakata, nyuma sitaki hata mkoba. Nyie wenzangu?

Mdau wa Morogoro
Pole sana kaka. Mimi nilirushwa mbele. Vile vigurudumu vidogo vya mbele ndo hatari yenyewe, kashimo kadogo tu kanakidaka kiti kinasimama ghafla wewe unaendelea na safari. Nilitua kwa magoti, watu wakaninyanyua nikaendelea na kazi zangu, jioni navua suruali naona mguu umevimba, kumbe mfupa umevunjika na mimi miguu haina hisia kwa hiyo sikusikia kitu. Jamani ukianguka kagua mwili mzima hata kama huumwi popote. Siku hizi nikiona shimo nanyanyua kidogo vile vidogo, napita kwa magurudumu makubwa. Lakini usijifundishe peke yako, mtu akae nyuma yako mikono tayari mpaka uzoee.

Mama wa watatu
Mimi nilikatwa miguu yote miwili juu ya magoti. Nikapewa kiti kama cha wengine tu, wiki ya kwanza nikapinduka mara mbili kwenye kilima kidogo cha kwetu. Fundi ndo akanielewesha, miguu ilikuwa uzito wa mbele na sasa haipo, kwa hiyo ekseli ya magurudumu makubwa inatakiwa irudi nyuma. Fremu ina matundu kadhaa, akafungua nati akahamishia tundu la nyuma kabisa. Kugeuka kumekuwa kuzito kidogo ila kimetulia mno. Nilisikitika kwa nini hakuna aliyeniambia siku nakabidhiwa.

Namuuguza mama, Tanga
Mama alikuwa anasimama kwa kukanyaga vibao vya miguu, kiti kikamwinamia mbele wakaanguka wote. Sasa kabla hajasimama ni breki kwanza, vibao vinakunjwa juu, nyayo chini. Na breki zenyewe zilikuwa hazishiki nikadhani mbovu, kumbe taili halina upepo, breki inabana taili sasa itabana nini? Najaza kila Jumapili kwa fundi baiskeli. Kingine, mkimbeba kwenye ngazi shikeni fremu, ile mikono ya kiti inachomoka, sisi ilitubakia mkononi.

Fundi ujenzi
Naomba niseme kuhusu rampu maana tunazijenga vibaya sana. Kipimo ni 1 kwa 12, yaani kibaraza chenye kimo cha sentimita 15 kinataka mteremko wenye urefu wa mita 1 na sentimita 80. Wengi wanamwaga zege la nusu mita wanasema tayari, hapo mtu lazima aende chali. Mkuu ukikutana na hizo inamisha kifua mbele wakati wa kupanda, na kama kuna msaidizi wakati wa kushuka akushushe kinyumenyume, yeye awe chini yako.

Mgeni humu
Shikamooni. Mdogo wangu ameanza kutumia mwezi huu. Akishaona anakwenda chali, afanyeje?

Mwanzisha uzi
Marahaba, poleni. Kidevu akibane kifuani ili kichwa kisigonge, mkono mmoja aulaze juu ya magoti yasije yakampiga usoni. Asirushe mikono nyuma kujizuia, mimi kiwiko changu kiliumia hivyo. Na mwulizeni aliyewapa kiti kama kina vile vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kupinduka, vifungwe kuanzia leo asisubiri kuzoea.