Filamu na michoro vihesabiwe kuwa tasnifu, au ni kurasa tu?

Mwanafunzi wa usanifu majengo, Kampala: Wadau, naleta linaloniuma. Nimetafiti uezekaji wa nyasi. Nikapeleka michoro na filamu ya dakika 35. Jopo likasema filamu ni kiambatisho, nilete kurasa. Sasa nauliza: Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kuu ya nyasi ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, ilipoungua Machi 2010, picha na vipimo vilikuwepo. Lakini mkono wa mwezekaji wa ukoo wa Ngeye utaupata kwenye kitabu gani? Mzee niliyemrekodi mimi alibana tita kwa goti, akavuta kamba kwa meno, huku ananisimulia habari za mbuzi wake. Nimeliandika hilo aya tatu. Zisome, kisha panda ukaezeke!

Mwalimu mstaafu, Jinja: Pole mwanangu, ila mimi niko na jopo. Kamera itazizungukia zile pete 52 za dari ya Kasubi, zipendeze kweli. Kwamba zinasimamia koo 52 za Buganda, hilo kamera haioni, sharti mtu aseme. Halafu ulirekodi saa ngapi?

Mwanafunzi: Kama 20, mwalimu.

Mwalimu: Ukabakiza dakika 35. Nyingine ulizitupa kwa kigezo gani? Mwandishi namdai ushahidi. Wewe nikudai nini?

Mchongaji, Kibuli: Mdai hizo saa 20! Aziweke maktaba zote, kama mwingine anavyotunza daftari zake za uwandani. Banange, sanaa inafundishwa Makerere tangu 1937, enzi za Margaret Trowell aliyeianzisha pale, na mchongaji hutahiniwa kwa alichochonga. Mbona kwa jengo tunaogopa? Ila kaka, nami nina langu: mzee alikubali kurekodiwa, au alikubali tu kukukaribisha? Mahali kama Kasubi pana miiko yake.

Mwanafunzi: Alikubali. Lakini mara mbili aliinua kiganja, nikazima. Hata kwenye zile saa 20 hamna. Ndiyo maana nasita kuziweka maktaba kana kwamba ni kazi yote.

Mwalimu: Hapo sasa ndipo ninapotaka kurasa. Uliandika alikuzimisha kamera akiwa ameshika nini?

Mwanafunzi: Sikuandika. Nakumbuka tu.

Mwalimu: Kaandike leo, kabla hujalala. Kisha umsomee mzee mwenyewe, aseme kama lipite au lifutwe.