Miaka ya Obama katika Seneti ya Illinois: ilikuwa kazi au ngazi tu?

Kijana wa Kayole: Wanajukwaa, salamu. Ninajiandaa kuwania uwakilishi wadi hapa Nairobi mwaka 2027, na kila nikizungumza na wazee wa mtaa kuhusu vijana katika siasa, jina la Barack Obama halikosi kutajwa. Wengi wetu tunamfahamu kuanzia hotuba yake ya Boston ya mwaka 2004 katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic, ilhali alikuwa ameketi katika Seneti ya jimbo la Illinois tangu Januari 1997, akiwa na umri wa miaka 35. Je, alifanya nini hasa huko, au kiti kile kilikuwa ngazi ya kupandia tu?

Karani Mstaafu: Mwanangu, anzia kwenye uchaguzi wenyewe wa 1996. Alice Palmer, aliyekishikilia kiti hicho, alikuwa amekwenda kuwania Bunge la Marekani, akashindwa, kisha akataka kukirudia kiti chake. Kundi la Obama lilizipekua fomu za wapinzani saini kwa saini, likilinganisha majina na sajili ya wapiga kura, hata akabaki peke yake katika mchujo wa chama cha Democratic. Wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi naona ilikuwa hatua halali, japo kali. Nawe ukiwania kama mgombea huru, Katiba yetu inakutaka uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi yako, kwa hiyo yakague majina hayo mwenyewe kabla mpinzani wako hajayakagua.

Wakili, South B: Kazi aliifanya, tena akiwa katika upande wa wachache, kwa kuwa chama cha Republican ndicho kilichoidhibiti seneti hiyo katika miaka yake sita ya kwanza. Mwaka 1998 alisaidia kupitisha sheria ya maadili iliyowabana wanasiasa katika kupokea zawadi. Lakini ninalolithamini zaidi ni mswada wa 2003 uliowalazimu polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imegundua kwamba watu 13 waliohukumiwa kifo hawakustahili hukumu hiyo, ilhali waliouawa kwa sindano tangu 1977 walikuwa 12, na ndiyo maana Gavana George Ryan alisimamisha adhabu hiyo mwaka 2000. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga mswada. Obama akaketi nao, akasikiliza hofu zao kifungu kwa kifungu, akarekebisha palipowezekana bila kuachia kiini chake. Ulipita katika Seneti bila kura hata moja ya kuupinga. Kwetu, ambako maungamo yaliyotolewa katika seli bado huzua kesi ndefu mahakamani, sheria ya aina hiyo ingekuwa na uzito mkubwa.

Mama Zawadi: Wakili, nakubaliana nawe kuhusu mswada huo, ila tusimsahau Emil Jones. Chama chao kilipopata wingi wa viti, Jones akawa rais wa Seneti, na ndiye aliyemkabidhi Obama miswada mingi mikubwa, mingine ikiwa imehangaikiwa na wenzake kwa miaka. Mavuno ya 2003 yalitokana na bidii yake, lakini pia yalitokana na mlezi wa kisiasa aliyeamua kumwinua.

Karani Mstaafu: Ni kweli, Mama Zawadi, na kijana wetu ajue pia kwamba katikati yake palikuwa na pigo. Desemba 1999 Obama alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake akaugua, naye akakosa kura ya mswada wa kudhibiti bunduki uliokwama kwa kukosa kura chache. Magazeti yalimshambulia, na miezi michache baadaye, alipomkabili mbunge Bobby Rush katika mchujo wa kuwania kiti cha Bunge la Marekani, alipata takriban asilimia 30 dhidi ya 61. Wakati huo angeweza kuacha siasa kabisa, kwani alikuwa akifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alirudi Springfield, mji mkuu wa Illinois inakoketi Seneti hiyo, mwendo wa takriban kilomita 320 kutoka Chicago, akaendelea na vikao vya kamati.