Tupeane uzoefu: kuseti taimingi ya Kombi 1600 ya zamani

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa Kombi za Volkswagen zenye injini 1600 inayopozwa kwa hewa, feni imesimama wima, distributa (inayogawa moto kwa plagi) ya pointi, yaani swichi ndogo ndani yake inayofunguka kila plagi inapopaswa kupiga. Taimingi ni wakati wa moto huo kupiga. Moto ukiwahi kupita kiasi kwenye gari jingine, injini inagonga na dereva anasikia. Hapa injini iko nyuma na feni inavuma, silinda inaungua kimyakimya. Kwa hiyo mwenye kipimo alete kipimo, mwenye hatua alete hatua.

Naanza na mpangilio wa kazi. Tapeti (pengo la valvu) kwanza, 0.15 mm, injini iwe imelala usiku kucha na iko baridi kabisa. Kisha pointi, kisha taimingi, kabureta mwisho. Ukianza na kabureta utairudia tu.

Spana ya 21

Hapo kwenye pointi ndipo wengi wanaharakisha. Zungusha injini kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya jenereta (mkanda ukiteleza, tumia boliti ya puli ya kranki, spana ya 30) mpaka kisigino cha pointi kikae kwenye ncha ya kamu, ile sehemu ya shafti ya distributa yenye kona zinazofungua pointi. Fila (bapa la kupimia pengo) ya 0.4 mm ipite ikigusa kidogo. Ukiwa na mita inayopima digrii ambazo pointi zimefunga, tafuta 44 hadi 50.

Pointi zilizotumika huota kimlima upande mmoja na kishimo upande wa pili. Fila inapita juu ya kimlima na kukudanganya. Weka mpya, na kamu uipake grisi kidogo sana, kama punje ya mchele. Kamu ikikauka inakula kisigino, pengo linapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na moto unachelewa. Kila digrii ya kufunga inayoongezeka inarudisha taimingi nyuma karibu digrii moja ya kranki. Ukigusa pointi, umegusa taimingi.

Kombi ya Bara

Alama za puli msiziamini kabla ya kuzihakiki. Zipo puli zenye alama ya kilele (pistoni ya silinda ya 1 ikiwa mwisho wa mwendo wake kuelekea plagi), zipo zenye digrii 7.5 na 10 kabla ya kilele, na zipo zenye digrii 5 baada ya kilele. Injini ikishabadilishiwa puli mara mbili tatu, hujui umeshika ipi.

Tafuta kilele mwenyewe. Toa plagi zote. Silinda ya 1 ni ya kulia mbele, ukisimama nyuma ya gari ukitazama linakoelekea. Ya 2 iko nyuma yake, ya 3 kushoto mbele, ya 4 kushoto nyuma. Chukua plagi mbovu, ondoa kauri, funga boliti ndani yake iwe kizuizi, kisha ifunge kwenye silinda ya 1. Zungusha puli kwa mkono, polepole, mpaka pistoni iguse. Weka alama kwenye puli mkabala na mshono unaounganisha nusu mbili za bloku. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama. Katikati ya alama hizo, kwenye upinde mfupi, ndipo kilele. Usilazimishe na spana, utatoboa pistoni.

Kisha pima mzunguko wa puli kwa uzi na ugawe kwa 360. Puli yenye mzunguko wa 540 mm inatoa 1.5 mm kwa kila digrii: digrii 30 ni 45 mm, digrii 7.5 ni milimita 11 na kidogo. Alama za kabla ya kilele zinakaa kulia kwa alama ya kilele, kwa sababu puli inazunguka kama saa. Paka rangi nyeupe.

Mgeni wa Kombi

Nina balbu tu, sina taa ya taimingi, ile inayomulika puli kila plagi inapopiga. Inatosha?

Spana ya 21

Inatosha kuiwasha na kuifikisha kwa mwenye taa. Balbu ya volti 12: waya mmoja kwenye koili namba 1, pale panapoingia waya wa distributa, mwingine kwenye bodi. Zungusha injini kama saa mpaka alama ya 7.5 ifike kwenye mshono na rota (kile kinachozunguka juu ya shafti ya distributa) ielekee mkwaruzo ulio kwenye ukingo wa distributa, alama ya silinda ya 1. Ikielekea upande wa pili, ongeza mzunguko mmoja mzima. Legeza kibano cha distributa kwa spana ya 10, washa swichi. Geuza distributa kama saa balbu izime, kisha irudishe kinyume polepole. Inapowaka tu, simama, kaza. Zima swichi mara moja. Pointi zikifunga muda mrefu koili inachemka.

Waya za plagi zinafuata 1-4-3-2, kwa mwelekeo wa saa.

Pwani hadi Bara

Mimi namba ya kusimama, inayosetiwa injini ikiwa imezimwa, naiona ni ya kuanzia tu. Linaloua injini ni digrii za juu kabisa, gari likiwa linapanda na mzigo. Kwa distributa ya modeli ya 009, isiyo na mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), pandisha mizunguko hadi 3500 kwa dakika na uangalie kwa taa: digrii 28 hadi 32 kabla ya kilele. Kwa Kombi inayobeba watu mimi naishia 30. Ukipata 7.5 chini lakini 36 juu, vyuma vya ndani ya distributa vinavyowahisha moto vimechakaa, na dawa ni kuvitengeneza. Ukilazimika kuendesha gari kabla havijatengenezwa, seti kwa namba ya juu, ya chini iache iangukie itakapoangukia.

Hiyo 009 ina kusita unapoondoka. Msiitibu kwa kuwahisha moto! Angalieni pampu ya kabureta, inyunyize petroli mara tu kanyagio linapoguswa.

Mwanzisha uzi

Naongeza kuhusu distributa zenye vakyumu. Yenye mpira mmoja: chomoa mpira, uzibe, seti 7.5 kabla ya kilele kwa mizunguko 800 hadi 900. Yenye mipira miwili ya mwanzoni mwa miaka ya 1970: digrii 5 *baada* ya kilele, mipira yote ikiwa mahali pake. Ukichanganya hizo mbili umekosea kwa digrii 12 na nusu.

Na msiseti kwa silinda ya 3. Distributa nyingi za kiwandani zinaichelewesha makusudi, kwa kuwa kwenye injini za kabla ya 1971 ilikuwa inapata hewa iliyokwisha kupashwa na kipoza oili. Tumieni ya 1.

Mgeni wa Kombi

Alama inarukaruka chini ya taa.

Kombi ya Bara

Shika shafti ya distributa uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zimekwisha na hakuna namba itakayotulia. Kama haichezi, geuza rota kama saa na uiachie. Irudi yenyewe kwa nguvu. Ikirudi kivivu, safisha vyuma vya ndani na uvitie tone la oili.

Pwani hadi Bara

Wa Nairobi wanaoshuka Mombasa: zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari hewa ni nyepesi na injini inavumilia moto wa mapema. Ufukweni, kwenye joto na mzigo, haivumilii. Kama mmewahisha zaidi ya 30 huko juu, rudisheni kabla ya safari, distributa kidogo kama saa, mpime tena kwa taa.