Tupeane uzoefu: bwawa lililogeuka chai ya rangi baada ya kutiwa klorini

Mtunza Bwawa, Kigamboni
Wanajamvi, leo asubuhi nimemwona kijana akimwaga klorini ya unga kwenye bwawa jipya la kuogelea lililojazwa maji ya kisima kirefu, nikaukumbuka usiku wangu wa mwaka juzi. Tulijaza bwawa kwa siku mbili, maji yakawa maangavu hata sarafu iliyodondoka sakafuni ilionekana, nami saa moja jioni nikatia klorini. Saa tatu niliporudi na tochi sikuiona sakafu. Maji yalikuwa yamegeuka chai ya rangi. Nikaamini klorini haikutosha, nikaongeza, na kulipokucha nikakuta kahawa, vigae vyeupe vya ngazi vimeingia madoa ya kutu, na mwenye nyumba amesimama ukingoni na msuli wake akiniuliza kama maji yale nimeyachota Mto Rufiji. Wageni wa watoto wake walitarajiwa saa nne. Nani mwingine yamemkuta?

Mswahili wa Diani
Yamenikuta, na kosa ni langu, kwa sababu dalili nilikuwa nayo: chai iliyopikwa kwa maji ya kisima kile ilikuwa nyeusi kama wino na sote tulimlaumu mpishi.

Fundi Chujio
Mpishi aombwe radhi, ni chuma kilichomo majini. Chuma kilichoyeyuka ardhini pasipo na hewa hakionekani. Kikikutana na hewa, na zaidi kikikutana na klorini, hugeuka kutu, ndiyo maana kadiri ulivyoongeza klorini ndivyo rangi ilivyokolea. Chuma kikizidi miligramu 0.3 tu kwa lita huanza kutia madoa nguo na masinki. Manganizi, madini mengine ya ardhini, nayo hufanya vivyo hivyo, ila rangi yake huelekea weusi. Kabla ya kujaza bwawa, chota maji ya kisima katika ndoo nyeupe, tia klorini kidogo, usubiri. Utakachokiona ndoani ndicho utakachokiona bwawani.

Shangazi wa Kufua
Sisi tunaofua shuka nyeupe kwa dawa ya madoa na maji ya kisima tulilijua hilo kabla yenu mafundi, maana shuka huingia nyeupe ikatoka na mabaka ya kutu.

Dada wa Nyali
Yenu ni madogo. Wiki ya harusi ya dada yangu nilipaka nywele rangi ya dhahabu, tukaogelea siku tatu mfululizo katika bwawa la nyumba tuliyopanga, ambalo maji yake yalikuwa ya kijani maangavu, mazuri ya kupigia picha. Siku ya nne msusi alinifunua taulo akanyamaza. Nywele zilikuwa na rangi ya embe bichi. Mama akalia, upande wa bwana harusi ukanong'ona kwamba nimerogwa, na mtoto wa kaka yangu akauliza kwa sauti kama zitaiva. Msusi alisaga vidonge vya vitamini C, akavichanganya na maji ya vuguvugu, akanipaka na kunifunika mfuko wa plastiki. Kijani kikapungua lakini hakikwisha, na katika picha zote za harusi mimi nimejitanda hadi kwenye nyusi. Baadaye mtunza bwawa alikiri kwamba kila wiki alikuwa akitia mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, ili kuzuia mwani.

Kijana wa Mbezi
Dada, tunaomba picha.

Dada wa Nyali
Nimeshasema nimejitanda.

Mpenda Michezo
Basi hata bwawa la kupiga mbizi la Olimpiki ya Rio mwaka 2016 lilitiwa mrututu, kwa maana sote tuliliona likigeuka kijani.

Fundi Chujio
Hapana, ndugu. Kule Rio zilimwagwa lita 80 za haidrojeni peroksaidi, klorini ikapoteza nguvu, mwani ukaota. Maji ya mwani huwa na ukungu, ilhali maji yenye shaba unaweza kuona hadi chini. Shaba hutoka kwenye mrututu, au kwenye mabomba ya kupashia maji yanapoliwa na tindikali.

Mpenda Michezo
Kuhusu mwani nimekubali, ila umekuwa mwalimu wetu tangu asubuhi na hakuna aliyekuajiri.

Babu Pampu, Kilifi
Mnapoteza wakati. Tieni shabu (si shaba, ni ile dawa ya kutuamisha uchafu wa maji) jioni, mzime pampu, kutu ilale chini hadi asubuhi, kisha muifyonze polepole na kuimwaga nje bila kuipitisha kwenye chujio. Mjukuu wangu huongeza pamba ya mto katika kikapu cha kunasia majani, na jioni huitoa ikiwa na rangi ya tofali.

Mswahili wa Diani
Mimi niliambiwa shabu ni uchafu mtupu, nitumie vitamini C, na kweli madoa ya ngazi yaliondoka nikiyatazama. Niliporudisha klorini, yakarudi.

Fundi Chujio
Kwa sababu vitamini C huyeyusha kutu bila kuitoa majini, tena huiua klorini, ukakaribisha mwani. Mtu achague: aidondoshe kutu chini na kuifyonza kama asemavyo mzee, au aiyeyushe na kuishika kwa dawa ya kufunga madini, ambayo hulazimu kuongezwa kila baada ya muda. Akizichanganya njia hizi mbili, moja inaivunja nyingine.

Kijana wa Mbezi
Kwa nini maji yasimwagwe yote?

Babu Pampu, Kilifi
Umwage, halafu ujaze chuma kilekile? Tena huku pwani maji ya ardhini yako karibu. Bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka. Nimeliona moja limeinuka upande kama mashua.

Mtunza Bwawa, Kigamboni
Nimerudi kwa yule kijana. Maji yameshakuwa chai, naye nimemkuta akifungua mkebe wa pili. Nimemwomba aufunge, aniletee kwanza ndoo nyeupe.