WANA-BUSISI: safari ya arobaini

Dada Kulwa: Habari za asubuhi wanandugu. Nauliza kwa mara ya mwisho, nani ndege nani basi? Arobaini ya Mama Mkubwa ni Jumamosi. Tiketi nakata leo.

Dada Kulwa: Mmesoma watu kumi na tisa mmenyamaza

Dotto: Nipo nipo

Dada Kulwa: Nipo nipo ndiyo ndege au basi?

Shemeji Juma: Kwani Dar–Mwanza kwa ndege ni muda gani?

Dada Kulwa: Saa moja na nusu hivi. Angani ni kama kilomita 850. Basi zinapita 1,100, Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga. Unatoka Mbezi alfajiri unaingia Nyegezi usiku

Neema: Hizo 250 za juu zimeenda wapi 😂

Dotto: Zimeshuka Singida kununua kuku

Neema: 😂😂😂 wanipakizie wawili

Dada Kulwa: Jamani sitanii

Masanja: Hiyo saa moja na nusu ni ya hewani tu. Mimi natoka Mbagala. Weka foleni, weka kuripoti masaa mawili kabla, ukishuka Mwanza bado hujavuka kwenda Busisi. Hiyo ni nusu siku

Dada Kulwa: Nusu siku na siku nzima barabarani ni sawa? Na kuvuka siku hizi ni daraja, hakuna kupanga foleni ya pantoni Kigongo

Masanja: Sijasema sawa. Nina watoto wanne Kulwa

Dada Kulwa: Niliwaambia tangu mwezi uliopita. Viti vya bei ya chini ndivyo vinaisha kwanza

Masanja: Ningetoa na nini? Hela yangu ya turubai msiba wa Baba Mdogo mpaka leo haijarudi, na anayo anajijua

Dotto: Haya, tumefika

Dada Kulwa: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Neema: Dada nimeshausoma 🙈

Baba Mkubwa Mabula: Wanangu. Siku ya kumzika mdogo wangu tuliwasubiri mpaka saa kumi na mbili jioni. Mlikuwa Manyoni, basi limeharibika. Tulifukia kwa tochi. Jumamosi tunaanza saa nne asubuhi. Sisubiri mtu.

Masanja: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia

Neema: Shikamoo baba 🙏

Dada Kulwa: Marahaba Neema... samahani, Shikamoo Baba Mkubwa

Dada Kulwa: Ndege mpaka sasa: mimi, Neema, Dotto. Masanja?

Masanja: Niandikie viti viwili. Wengine wataondoka na mama yao Alhamisi, basi la usiku

Dada Kulwa: Viwili vya nani na nani? Nataka majina kama yalivyo kwenye vitambulisho

Dada Kulwa: Masanja

Dada Kulwa: Simu haipatikani. Nashikilia mpaka saa kumi tu

Shemeji Juma: Nilikuwa kazini. Kwa hiyo tumekubaliana basi?

Dada Kulwa: JUMA SOMA JUU

Dotto: Kulwa yangu nilipie, nitakurudishia tukifika Mwanza

Masanja: 👀