Koili ya maziwa: hesabu inasema nyuzi 21, kipimajoto kinasema 38

Mfugaji_Njoro
Wadau, habari za jioni. Maziwa ya kikundi tunayapasha hadi nyuzi 63, yanakaa hapo nusu saa, kisha nayapitisha kwenye koili ya stenlesi iliyozamishwa ndani ya tangi la maji la lita 500. Bomba ni mita 15, kipenyo cha ndani milimita 12, koili ina upana wa sentimita 30. Maziwa yanapita lita 4 kwa dakika, jumla lita 200 kila asubuhi. Maji ya kisima yana nyuzi 20.

Fomula ya Dittus na Boelter, ya kukadiria joto linavyopita kati ya kimiminika na ukuta wa bomba, ilinipa maziwa yatoke na nyuzi 21. Yanatoka na 38, na mtungi wa mwisho ukijaa yamefika 43! Jirani anasema ningeweka shaba. Kweli?

Mama_Ng'ombe_Kakamega
Shaba na maziwa haviendani. Inachochea mafuta yaharibike, maziwa yanakuwa na ladha ya karatasi. Bakia na stenlesi, ndugu yangu.

Fundi_Boila_Kisumu
Stenlesi haina kosa. Ukuta wa milimita moja unazuia joto kwa 0.00006 hivi, maji yaliyotulia nje ya bomba yanazuia kwa 0.002. Shaba isingekupunguzia hata nyuzi moja nzima.

Fomula yako (1930) ni ya bomba lililonyooka lenye mtiririko wa vurugu, yaani unaojichanganya ovyo. Kwenye koili, maziwa ya kasi ya katikati yanasukumwa upande wa nje wa kona, ya ukutani yanarudi ndani, na hapo vinazaliwa vizingia viwili vinavyozunguka huku vikisonga mbele. Mwanahisabati W. R. Dean alivieleza mwaka 1927. Vinasaidia kuchanganya joto, ila pia vinachelewesha vurugu: kwa vipimo vyako, kanuni ya mtafiti Ito ya 1959 inaweka mpaka kwenye namba ya Reynolds (inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa vurugu) 7,000 hivi, si 2,300 ya bomba lililonyooka. Wewe uko 6,500, bado hujafika kwenye vurugu. Zidisha hiyo kwa kipeuo cha pili cha 12/300, yaani 0.2, upate namba ya Dean, inayopima nguvu ya vile vizingia: 1,300. Ndani ya bomba joto litapita kwa wati 1,700 hivi kwa mita mraba kwa kila nyuzi. Fomula yako ilikupa 2,300.

Hiyo tofauti hata si kubwa. Kilichokuumiza ni nje, ambako nadhani hukupiga hesabu kabisa. Maji yaliyosimama yanavaa bomba kama blanketi, ukipata wati 500 kwa kipimo hichohicho shukuru. Unganisha pande zote mbili: 380. Rudia hesabu na hiyo 380 na mita zako 15, utaona 38 ileile ya kipimajoto.

Ile 43 ni tangi lenyewe. Lita 200 zikishapita, maji yamepanda hadi karibu 29.

Mfugaji_Njoro
Duh. Upande wa nje kweli niliuacha. Basi nikiweka kapampu ka kukoroga tangi?

Fundi_Boila_Kisumu
Mtungi wa kwanza utatoka na 25, utafurahi. Lakini joto litaingia tangini haraka zaidi, na wa mwisho utakuwa 36. Kukoroga bila kubadilisha maji ni nusu ya kazi.

Ningekuwa wewe ningeachana na tangi. Vika koili mpira wa maji wa inchi moja kwa urefu wote, maji yapite kati ya mpira na bomba kwa lita 8 kwa dakika, yakienda kinyume na maziwa. Hapo mtungi wa kwanza na wa mwisho yote itakuwa karibu na 30. Kufika nyuzi 4 za kuhifadhia maziwa ni kazi ya barafu au friji, kisima hakifiki huko.

Mfugaji_Njoro
Koili imeshakunjwa, mkuu. Mpira utapitaje?

Fundi_Boila_Kisumu
Paka sabuni ya maji, sukuma pole pole. Mita 15 zitakutoa jasho, tafuta kijana wa kukushikia upande wa pili. Na maji yatakayotoka yatakuwa na nyuzi 35 hivi, usiyamwage.

Mama_Ng'ombe_Kakamega
35 ni ya kuoshea viwele. Mimi nayachemsha na kuni kila alfajiri! Ukimaliza weka picha hapa.