Wayahudi wa kale walikuwa weusi au weupe? Tujadili bila matusi

Mzee wa Kijiwe: Wakuu, ile picha ya Yesu macho ya bluu iliyopo sebuleni kwa bibi yangu mi siikubali tena. Paulo kakamatwa Yerusalemu jemadari anamuuliza wewe si yule Mmisri, Matendo 21 kama sikosei, sasa Mzungu anafananishwaje na Mmisri? Wayahudi walikuwa weusi, tumefichwa.

Mama Neema: Bibi yako muache, hiyo picha ndo imekulea.

Kitasa: Mmisri sio lazima awe mweusi kama wewe. Kuna michongo ya Senakeribu, mfalme wa Ashuri, ya vita vya mji wa Lakishi, 701 KK, ipo makumbusho London, watu wa Yuda wanatolewa mjini na familia zao, nywele fupi za kujikunja na ndevu za kujikunja.

Mzee wa Kijiwe: Za kujikunja si ndo hizi zetu! Umejifunga goli mwenyewe 😂

Kitasa: Waashuri humo humo nao ndevu zimejikunja, nao ni wa Tandale? Unasoma nusu nusu tangu ile mada ya Simba na Yanga.

Mzee wa Kijiwe: Simba imeingiaje hapa? Jibu hoja. Na wale Wayahudi wa Kihabeshi zaidi ya elfu 14 waliobebwa na ndege kwenda Israeli 1991 ni weupe?

Mstaafu: Vijana, marabi walishalijibu hili. Kwenye Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, wanaongelea makuhani kukagua alama za ukoma, kwamba alama ile ile kwa Mjerumani inafifia, kwa Mkushi, yaani mtu mweusi wa kusini mwa Misri, inang'aa, ndo Rabi Ishmaeli akasema wana wa Israeli si weusi si weupe, wako katikati. Kwa kifupi maji ya kunde.

Binti Kahama: Maji ya kunde ni mweusi jamani. Mimi hapa mtaani naitwa mweupe, nikitua Ulaya nani ataniita mweupe?

Mstaafu: Binti, nimesema katikati.

Mama Neema: Kwanza kunde zipi? Mi za jana maji yametoka meusi tii.

Binti Kahama: Uliweka magadi wewe.

Mama Neema: Kidogo tu, zilikuwa ngumu.

Mzee wa Kijiwe: Jamani, Wayahudi!

Kitasa: Subiri kwanza. Kunde zikilowekwa usiku magadi ya nini?

Mstaafu: Na yale maji ya kulowekea unamwaga, hupikii.